Kiangazi Nilichochunga Bahari

5 Novemba
Joto. Upepo wa kaskazini unatuletea vumbi la mashamba ya watu. Raelene kaenda kuogelea na wenzake. Nimekula mkate peke yangu.

8 Novemba
Papa kamchukua mtu. Redio imetangaza nikiwa na kikombe mkononi: kijana aliyekuwa akiteleza na mawimbi, pwani ya kusini, si mbali na hapa kwa gari. Ubao umeonekana, mwenyewe hapana.

Nilitoka barazani haraka. Nyumba yetu iko juu ya genge la mwamba, na ghuba yote iko chini yako kama sinia. Wanawake walikuwa wanatoka kwenye boya jekundu kurudi mchangani, kofia zao za njano zimetawanyika majini kama punje za mahindi. Yupi mke wangu? Sikujua. Nilisimama pale nikitazama punje, chai ikapoa.

Aliporudi nikamwuliza, "Umesikia?"

"Nimesikia. Maskini mama yake."

"Basi utaacha."

"Niache nini?"

"Raelene, usijitie hamnazo."

Akakaa, akalinyoosha lile goti lake bovu juu ya kiti. "Neville, nimekaa kwenye vumbi lako miaka thelathini. Ngano ilikauka, kondoo walikufa, ukame ulitaka kukumeza mzimamzima, na mimi nikakaa. Nilikuambia uache?"

"Ukame haung'ati mtu mguu."

"Nchi kavu mimi ni bibi kizee. Majini sina umri. Usiniombe hilo."

Nikamwambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. "Basi wewe cheka," akasema, akaenda kuanika nguo yake ya kuogelea.

Sikucheka. Nyumba hii aliachiwa na marehemu dada yake, na kuja hapa nilikubali mwenyewe. Lakini mimi ni mtu wa bara. Maji niliyoyajua ni ya tangi, na ndani ya tangi hakuna kinachokula watu.

11 Novemba
Nimepata wazo. Kama siwezi kumtoa majini, angalau nimwone. Nitanunua darubini.

Desturi ya hapa ghubani ni hii: anayekaa juu ya genge akiona papa, anapiga honi ya gari mara tatu, ndefu. Aliye majini haulizi swali. Anakimbilia mchanga kwa njia iliyo fupi. Gari ninalo, pikapu ya shambani, imeegeshwa hatua chache kutoka barazani. Macho ndiyo sina.

14 Novemba
Nimenunua katika duka la vifaa vya uvuvi mjini. Inavuta mara ishirini! Muuzaji kasema, "Mzee, ukiwa na hii unahesabu manyoya ya shakwe." Kubwa kama kichwa cha mwanakondoo, na bei yake nzuri sana.

15 Novemba
Mtihani mtupu. Mikono yangu inatetemeka kidogo siku hizi, na hii darubini inakuza kila kitu, hata kutetemeka. Bahari inarukaruka. Nikimpata mtu anapotea. Kwa muda mrefu niliamini nimemshika Raelene, nikapumua, kumbe nilikuwa nalitazama boya. Halafu kila kitu kina ukungu wenye mirabamiraba. Rahisi ghali.

Nimeogopa leo kuliko siku nilipokuwa sina kitu.

17 Novemba
Jirani yetu Manoli kaja na samaki. Alivua jodari maisha yake yote, sasa kazi yake ni kunicheka.

"Neville bwana, unatazamia wapi?"

"Hapahapa, mlangoni."

Akaugusa mlango wa wavu wa nzi kwa kidole. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. "Mtu mzima! Unatazama bahari kupitia wavu wa nzi! Hiyo mirabamiraba yako ndiyo hii hapa!"

Manoli anawajua nzi wa mwezi huu? Nani anayesimama nje ya wavu bila sababu? Kwetu bara ukitoka nje ya wavu umetoka nje ya nyumba. Lakini kweli, nilipotoka ukungu ukaisha. Mrukoruko ukabaki.

"Rudisha hilo dude," Manoli akasema. "Mara ishirini ni ya kusimamishwa juu ya miguu ya chuma. Sisi baharini tulitumia ya mara saba, na mashua inacheza. Wewe unataka nini, kuhesabu meno ya papa? Unataka kuiona bahari. Chukua yenye nguvu ndogo na upana mkubwa wa kuona."

21 Novemba
Duka limekubali kubadilisha. Nimechukua ya mara kumi, ndogo, inaingia mfukoni. Vioo vyake vya mbele vidogo kama sarafu. Saa wanayoingia majini jua halijapanda, na ndani yake kuna giza tu. Nikaona kofia moja, sikuona nyingine. Raelene kasema nimekuwa kama mtoto na vitu vya kuchezea.

27 Novemba
Safari hii nimekwenda na Manoli. Kamsumbua muuzaji mpaka nikaona aibu. Tulizitoa zote nje ya duka, tukatazama mnara wa kuhifadhia ngano ng'ambo ya bandari, moja baada ya nyingine. Nimetoka na ya mara nane, vioo vya mbele vipana vya kutosha kuvuta mwanga wa alfajiri. Si ya wakubwa, wala si ya takataka. Manoli kanionyesha kukunja mpira wa machoni kwa kuwa navaa miwani, na kuzungusha kile kipete cha jicho la kulia mpaka macho yote mawili yakubaliane. "Kikishakaa kwenye jicho lako, mwingine asikiguse," kasema.

28 Novemba
Nimemwona. Nimeuona uso wa mke wangu katikati ya maji.

29 Novemba
Nimepiga honi. Mapezi, mengi, nyuma ya boya. Wote wakatoka mbio, goti la Raelene likavimba. Walikuwa pomboo.

"Papa hatembei na watoto wake akiruka sarakasi, shemeji," Bev alinipigia kelele kutoka chini. Bev ndiye kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya mnada. Simpendi sana.

14 Desemba
Honi tena. Mwani, fungu kubwa jeusi. Naapa lilikuwa linatembea.

Manoli kasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikamwambia mimi sijaumwa. "Basi wewe una kipaji," akasema.

25 Desemba
Kamba baridi, nyama baridi, bia baridi. Hakuna aliyeogelea. Siku nzuri.

9 Januari
Sijui niandikeje.

Upepo wa kaskazini, maji kama kioo, na mimi naogopa zaidi maji yakitulia kwa kuwa naona mpaka chini. Nikaona kitu cheusi kinapanda kutoka kilindini, kinene, kikielekea kwenye kofia ya mwisho. Nikapiga honi. Nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Alikuwa sili, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu. Kachungulia, kapiga chafya, kaenda zake. Lakini Bev, akiwa wa mwisho kutoka, kateleza kwenye mawe akikimbia, na mkono wake umevunjika. Nilisikia kilio chake kutoka huku juu.

Raelene alirudi kutoka hospitali jua linawaka. Hakuvua hata kofia.

"Nipe ufunguo wa gari."

"Honi yake haihitaji ufunguo."

"Basi nipe neno lako."

"Raelene, kama kweli ingekuwa..."

"Haikuwa! Mara ya kwanza haikuwa, mara ya pili haikuwa! Hututunzi, Neville, unatuvunja. Darubini nakuachia. Honi usiiguse mpaka uwe na hakika. Hakika, si hofu. Unaijua tofauti?"

Nimeahidi. Ukweli ni kwamba siijui tofauti. Vyote viwili huanzia tumboni mahali palepale.

10 Januari
Nimempelekea Bev keki ya limau ya kununua. Kaipokea kwa mkono mzima. "Shemeji," kasema, "mwakani vunja mkono wa mtu mwingine." Kisha kanishika bega.

18 Januari
Joto la kuua. Mjini ndege wanaanguka mitini. Raelene majini.

26 Januari
Naogopa kila asubuhi, lakini sasa naona mengine pia. Raelene huogelea mbele, kisha hugeuka chali na kuwasubiri, tumbo juu, anacheka peke yake na mawingu. Nyumbani hacheki hivyo. Shambani hakuwahi. Nilioa mwanamke wa maji nikamweka kwenye vumbi, na leo nadai asilowe.

Na Bev. Kabla hajavunjika mkono nilidhani anaogelea upande wa nje, wa kilindi, kwa majivuno. Sasa hawezi kuogelea, na upande ule kashika Raelene. Nimemwuliza kwa nini. "Wa nje ndiye anayewakinga wengine," kasema, akapaka siagi kwenye mkate. "Lazima awepo mtu."

Sikulala vizuri.

3 Februari
Mwani.

4 Februari
Mwani. Sikupiga.

11 Februari
Kivuli cha wingu. Sikupiga. Nimeuma mdomo ukatoka damu.

20 Februari
Samaki wameingia ghubani, kundi kubwa linakaa karibu na mwambao kama doa la wino. Manoli kafurahi, katengeneza nyuzi zake. Nikamwuliza, samaki wakija, nani anawafuata? Akaacha kufunga ndoana. "Usiniulize mambo unayoyajua," kasema.

Nimemwomba Raelene apumzike wiki hii tu. Kasema Bev katolewa plasta na wanamrudisha majini taratibu, hawezi kumwacha.

2 Machi
Nimengoja mpaka jioni ndipo niandike.

Asubuhi ilikuwa shwari. Nilisimama nje ya wavu, nzi usoni, darubini machoni. Walifika kwenye boya, wakalishika, wakawa wanapiga domo kama kawaida yao. Bev yuko nao. Raelene yuko upande wa nje.

Kivuli kilitokea upande wa mashariki, kwenye maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe. Nikajiambia, mwani. Nikajiambia tena, Neville, mwani. Lile doa la samaki likapasuka katikati, kama kondoo mbwa akiingia zizini. Kivuli kikageuka. Mwani haugeuki. Mwani hauendi kinyume cha mkondo. Urefu wake ulikuwa kama wa pikapu yangu, na mkia ulikuwa unakwenda huku na huku bila haraka, bila haraka kabisa.

Hakika ni kitu cha baridi. Sasa naijua. Hofu ina joto.

Nilikwenda kwenye gari nikitembea kinyumenyume, darubini sijaitoa machoni. Nikafungua mlango, nikaweka kiganja juu ya honi. Na pale ndipo nilipoona. Kwa kuwa darubini hii inaona upana mkubwa, nilikuwa nao wote katika duara moja. Kofia za njano juu. Kivuli chini. Mchanga wa pwani chini zaidi.

Papa alikuwa kati yao na mchanga.

Nikipiga, hawataangalia. Hiyo ndiyo desturi, hakuna swali, unakimbilia mchanga kwa njia iliyo fupi, unapiga maji kwa mikono na miguu. Wangemwendea mdomoni. Mke wangu ningemwita mimi, kwa mkono wangu, aende akaliwe.

Nikaondoa kiganja. Mungu wangu, ilivyokuwa kazi kukiondoa.

"Vipi, jirani?" Manoli alikuwa kaja na ndoo yake. Aliniona uso, akatazama chini, na macho yake ya uvuvi hayahitaji vioo. "Papa! Papa yule! Piga!" Akaingiza mkono ndani ya gari. Nikamkamata kifundo. Mimi, niliyewapigia pomboo na sili, nikamkamata mvuvi mkono nisimwachie.

"Niache! Umerukwa na akili?"

"Angalia kwanza yuko wapi."

Akaangalia. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. "Ee Mama Mtakatifu," akasema polepole. "Yuko katikati."

Tukasimama pale. Wanaume wawili wazee karibu na gari, tunawatazama wanawake wakicheka. Upepo ulituletea kicheko cha Bev mpaka juu. Nilisali wazidi kupiga domo. Siku zote nimelalamika kwamba wanawake hawa hawamalizi maneno, na leo nilisema, zungumzeni jamani, simulianeni mambo ya wajukuu, msimalize. Nilijikojolea kidogo. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Papa akapita, akarudi, akapita. Kisha akaufuata mwambao kuelekea magharibi, taratibu, hadi kwenye miamba. Pale maji ni meusi. Pale nikampoteza.

Na wao wakaliacha boya wakaanza kurudi.

"Sasa?" Manoli akanong'ona.

"Bado. Wakishtuka watapiga maji, atasikia."

Walikuja polepole. Raelene aligeuka chali njiani, akacheka na mawingu. Nilitaka kumtukana. Nikasogeza darubini kwenye miamba, nikairudisha kwake, miamba, yeye, miamba, yeye. Bev akasimama, maji kiunoni. Wengine wakasimama. Raelene wa mwisho, akivuta lile goti. Miguu ikatoka majini, yote miwili.

Ndipo nilipoegemea honi. Sikupiga tatu, nilipiga bila hesabu, nikilia, mpaka Manoli akanivuta shati.

Chini walikuwa wanajifuta, wanacheka kwa nguvu. Bev akainua mkono wake mpya. "Leo umechelewa, shemeji! Tumeshatoka!"

Raelene alipanda ngazi za genge akiwa mwekundu kwa hasira. "Uliahidi. Neville, uliahidi, na mbele ya Bev!"

"Alikuwepo."

"Nani alikuwepo?"

"Shemeji, alikuwepo," Manoli akasema. "Mkubwa."

Akatutazama mmoja mmoja. "Na hukupiga?"

"Alikuwa kati yenu na mchanga."

Akafikiri. Nilimwona akiifuata ile njia fupi kichwani mwake, kutoka kwenye boya mpaka mchangani. Akakaa kwenye ngazi na taulo lake, akanishika mguu wa suruali iliyolowa. Baadaye aliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

3 Machi
Ndege ya doria imemwona nje ya rasi, papa mweupe, anakwenda zake magharibi. Hakuna aliyeingia majini.

6 Machi
Raelene kachukua darubini asubuhi, kasimama nyuma ya wavu. "Toka nje ya wavu," nikamwambia, nikajisikia mtaalamu. Kakizungusha kile kipete mpaka kikakaa kwenye jicho lake. Bahari tupu. Ghafla akanikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Pale! Kushoto kwa boya!"

"Mwani."

Hakuniachia. "Hivi ndivyo ilivyo kwako?"

"Kila asubuhi."

"Kiangazi chote?"

"Kiangazi chote."

Akanirudishia. Kipete hakukirudisha, nami sikukigusa.

9 Machi
Nitasema wazi: nina raha. Yuko nyumbani. Nakula bila kutazama saa.

15 Machi
Goti limemvimba. Anashuka ngazi kwa kukaa. Kafagia baraza asubuhi, kafagia tena mchana. Nikimsemesha anajibu baada ya muda, kwa adabu. Nchi kavu imemrudia.

19 Machi
Mvua ya kwanza. Bev na wengine wamerudi majini. Raelene hakutoka kuwatazama.

24 Machi
Wakati wa chai kasema, "Kesho naingia."

Nikaweka kikombe chini.

"Ila kwa sharti. Usimame nje, nikuone. Nitapunga taulo, nawe upunge. Nisipokuona siingii. Bila macho yako siingii tena, mzee wangu, naogopa."

Miezi yote nilitaka aseme ameogopa. Kasema, na neno hilo halikunipa furaha niliyoitarajia.

25 Machi
Alishuka na wenzake. Mimi nilikuwa jikoni, darubini shingoni, nikaenda mpaka mlangoni. Nikasimama.

Wavu wa nzi una jambo lake: wewe wa ndani unamwona wa nje, wa nje hakuoni. Raelene akageuka mchangani akapunga taulo. Sikutoka. Sikupanga, miguu ilikataa tu. Kisha akili ikaniambia taratibu, usitoke. Ukikaa hapa haingii. Kesho tumbo litakuuma, keshokutwa simu itapigwa, na baada ya hapo baridi itakuja. Amekupa ufunguo mwenyewe.

Wenzake wakaingia. Bev akamwita. Yeye akapunga tena, akasubiri. Nikaweka darubini machoni, na kwa kuwa nilikuwa nyuma ya wavu uso wake ukaja na mirabamiraba, na ukungu, kwa sababu kipete kilikuwa bado kwenye jicho lake. Hata hivyo nilimwona. Hakuwa amekasirika. Kaweka kiganja juu ya macho, anaitafuta nyumba. Kisha akaiacha bahari, akaanza kuja kwenye ngazi, haraka, akilivuta lile goti, mdomo wazi. Alidhani nimeanguka. Alikuwa anakuja kuniokoa mimi.

Nikausukuma mlango. Wavu ukagonga nyuma yangu, nzi wakanipokea, nikapunga kitambaa cha vyombo kwa nguvu zangu zote.

Akasimama kwenye ngazi ya tatu, mkono kifuani. Akanitukana, sikusikia, lakini midomo niliisoma. Kisha akapunga taulo lake, akashuka, akaingia majini akakamata upande wa nje.

Nikakirudisha kipete kwenye jicho langu. Mikono ilitetemeka, lakini hii ni ya mara nane tu, inavumilia.